Besi ya Miguu Iende Wapi? Wasomaji wauliza kuhusu muziki wa ogani kwenye piano

Safari hii barua karibu zote zinatoka kwa wapiga vinanda wa Mtwara na Lindi wanaotaka kupiga kazi za ogani za Bach na wenzake kwenye piano au kinanda cha umeme. Tumezijibu kwa urefu tofauti, kadiri swali lilivyodai.

Ndugu Mhariri, nina kinanda cha funguo 61. Nimepakua nota za Toccata na Fuga katika D maina ya Bach (BWV 565, namba yake katika orodha ya kazi za Bach), nikakuta zina safu tatu badala ya mbili. Ya tatu inapigwa na nani? Nikiiacha kuna hasara?
*Mpiga kinanda, Masasi*

Safu ya tatu ni ya miguu. Chini ya ogani ya mabomba kuna kinanda kingine kizima cha mbao, kwa kawaida cha funguo 30 au 32, ambacho mpigaji hukikanyaga kwa ncha za viatu na visigino huku mikono yake ikiendelea juu. Besi iko hapo. Ukiiacha, kodi nyingi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinageuka kuwa kodi nyingine, kwa sababu noti ya chini kabisa ndiyo inayoamua masikio yasikie nini. Ukilazimika kupunguza, punguza katikati.

Kuna jambo jingine ambalo nota hazilisemi. Rejista za ogani, yaani safu za mabomba ambazo mpigaji huchagua, hupimwa kwa futi. Ya futi 8 inalia kama ilivyoandikwa, ya futi 4 inalia oktava moja juu, ya futi 16 oktava moja chini. Miguu kwa kawaida hupigwa kwa futi 16 na 8 pamoja. Ndiyo sababu mipangilio ya piano iliyoandikwa na wapiga piano Liszt, Tausig au Busoni imejaa oktava kwenye mkono wa kushoto. Hawakuwa wakijionyesha, walikuwa wakirudisha kile ambacho ogani hukitoa yenyewe.

Sasa kinanda chako. Funguo 61 zinaanzia C iliyo oktava mbili chini ya C ya kati, nayo ndiyo noti ya chini kabisa ya miguu kama inavyoandikwa. Kwa hiyo noti zote utazipata, ila kina cha futi 16 hutakipata. Mwenye funguo 76 naye asijisifu sana: vinanda vingi vya namna hiyo huanzia E, na ile D nzito ya mwanzo wa Toccata ikishushwa oktava haipo. Piano ya funguo 88 inazo zote.

Ipo njia ambayo wengi hawaijaribu. Shusha transpozi ya kinanda (kinachohamisha sauti zote juu au chini) kwa nusu-toni 12, au bonyeza kitufe cha oktava mara moja kwenda chini. Sasa kinanda kinalia kuanzia C ya futi 16 hadi C iliyo oktava mbili juu ya C ya kati, na hiyo ya juu ndiyo kikomo cha kawaida cha funguo za mikono katika kazi za ogani za Bach. Kazi nzima inaenea ndani ya oktava tano. Gharama yake ni kwamba sehemu za mikono utazipiga oktava moja juu ya mahali zilipoandikwa, na mwanzoni macho na vidole vitagombana. Jingine ni spika: C hiyo ya chini ina mtetemo wa takriban 33 kwa sekunde, na spika ndogo za kinanda haziwezi kuitoa. Utasikia kishindo cha plastiki tu. Unganisha na spika kubwa ya kanisa, au baki juu.

Na kama pale parokiani yupo kijana anayejua kusoma ufunguo wa fa (wa besi), mketishe kushoto kwako apige safu ya tatu peke yake, kwa oktava. Watu wawili kwenye kinanda kimoja ndio mpangilio rahisi kuliko yote, na hakuna noti inayopotea.

Usikimbilie kugawanya kinanda ili upande wa kushoto ulie kwa sauti nzito. Besi ya Bach hupanda na kushuka. Ikivuka mpaka uliouweka, noti moja italia chini na inayofuata itaruka oktava juu, na mstari utakuwa umekatika vipande.

Shikamooni. Ninafundisha kwaya na nasoma nota za mistari mitano vizuri, si za solfa tu. Nataka kuipanga mwenyewe Fuga katika G maina (BWV 578) kwa piano. Nianzie wapi, na noti zikinizidi mikono niache zipi?
*Mwalimu wa kwaya, Nachingwea*

Marahaba, mwalimu. Umechagua vizuri. Fuga ni kazi ambayo mada moja inapokezanwa na sauti mbalimbali. Hii ina vipimo 68, sauti nne, na sauti zinaingia moja moja kuanzia juu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha besi kwa miguu. Mpaka besi iingie, mikono miwili inatosha bila kubadili chochote. Kazi yako inaanzia hapo.

Chukua karatasi ya nota na penseli, usitumie kalamu. Nakili safu mbili kwa kila mstari, ukiacha nafasi ya kidole kimoja kati yake. Besi iandike kwanza, kutoka kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, kabla ya kugusa sauti nyingine. Halafu andika sauti ya kwanza yote. Piga hizo mbili peke yake. Zikikaa vizuri, umeshika mpaka wa juu na wa chini, na sauti mbili za ndani zitatafutiwa nafasi katikati.

Sauti ya tatu ndiyo itakayokusumbua. Ipime kwa mkono wa kushoto: kutoka besi hadi sauti ya tatu, je, inazidi oktava? Ikiwa haizidi, kushoto kuchukue zote mbili. Ikizidi, sauti ya tatu ihamie kwenye dole gumba la kulia, na uandike hivyo kwenye safu ya juu, vijiti vikitazama chini, ili usije ukakisia siku ya kupiga. Kuna wenye mikono mirefu wanaofika noti ya kumi, lakini usiandike mpangilio kwa ajili yao. Kesho utamwachia mwanafunzi wa miaka kumi na minne. Makabidhiano kati ya mikono yafanyike kwenye noti fupi au mahali sauti inaporuka. Ukikabidhi katikati ya noti zinazotembea hatua kwa hatua, msikilizaji atasikia mshono.

Noti zikizidi mikono, kuna mpangilio wa haki. Mada ya fuga haiguswi, popote ilipo. Besi haiguswi, ila unaweza kuihamisha oktava kwa kirai kizima, yaani sentensi nzima ya muziki; usihamishe noti mojamoja. Noti iliyofungwa, yaani inayoendelea kushikiliwa kutoka kipimo kilichopita, ikagongana na sauti nyingine haiguswi pia, maana mgongano ule ndio unaosukuma muziki mbele. Baada ya hapo linda noti ya tatu ya kodi, kwani ndiyo inayotofautisha meja na maina. Kodi ya mwisho ya fuga hii ni ya meja, na hiyo noti ya tatu ikikosekana watu wataondoka bila kujua imeishaje. Cha kuacha kwanza ni noti inayojirudia, yaani iliyokwisha kupigwa na sauti nyingine katika kodi hiyohiyo, halafu noti ya tano.

Oktava za besi zitumie kwa uchoyo. Mkono wa kushoto uliobeba sauti ya tatu hauwezi kupiga oktava kwa wakati huohuo, na anayelazimisha hupiga besi kwa kuchelewa, kila mara. Ziweke pale ambapo besi inaingia na mada huku sauti ya tatu imenyamaza, na kwenye vipimo vya mwisho. Zikiwa kila mahali, kuingia kwa besi hakutasikika kuwa ni jambo.

Ukimaliza, weka metronomu kwenye 48 kwa kotaa na upige fuga nzima bila kusimama. Mahali utakapokwama mara mbili, kosa ni la mpangilio, si la vidole. Rudi ufute. Usiongeze kasi mpaka pawe pamenyooka.

Mimi ni binti nipigaye piano. Kwenye ogani noti ndefu inakaa, kwangu inakufa kabla haijafika mwisho. Nikanyage zaidi?
*Msomaji wa kike, Mikindani*

Hapana dada, kanyagio halirefushi noti kwa kiasi unachodhani. Linazuia tu isizimwe. Kufa inaendelea kufa, na noti za juu hufa mapema kuliko za chini. Ukikanyaga zaidi unaongeza tope.

Dawa ni uzito wa kidole. Noti inayotakiwa kudumu vipimo viwili ipige kwa nguvu kuliko jirani zake, na noti inayoifuata katika sauti hiyohiyo uipige kwa kiasi cha sauti *iliyobaki*. Usirudie nguvu ya mwanzo. Sikio litaunganisha lenyewe. Hili ndilo linalomtofautisha anayepiga kazi hizi vizuri na anayezipiga tu.

Noti iliyofungwa inayongoja mgongano ina tatizo lake. Kwenye ogani mgongano unakuwa mkali kwa sababu noti ya zamani bado ina nguvu yote. Kwenye piano inakuwa imelegea, na mpya inaimeza. Ikiwa imeshikiliwa zaidi ya nusu kipimo katika mwendo wa polepole, tungekushauri uvunje kifungo na kuipiga tena pale pale penye mgongano, kisha suluhu yake, yaani noti inayoutuliza mgongano, iwe laini. Wapo watakaokukatalia. Wapige wenyewe wasikie.

Besi inayosimama mahali pamoja ipige tena kila kodi inapobadilika kwa uzito, si kila baada ya vipimo vinne kama saa ya ukutani. Toccata katika F (BWV 540) inaanza kwa F moja ya miguu inayoshikiliwa zaidi ya vipimo 50; hakuna piano duniani itakayoibeba hiyo kwa pigo moja.

Na mwendo: nyimbo za korale (tenzi za kanisa la Kilutheri) za polepole zipige kasi kidogo kuliko unavyozisikia kwenye ogani. Mfano mzuri wa kujifunzia ni BWV 639, *Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ*, katika F maina. Ina sauti tatu tu: wimbo juu, noti za mbio za polepole katikati, besi inayotembea kwa noti za nusu pigo chini. Kulia wimbo ubebwe na vidole vya 3, 4 na 5, dole gumba na cha 2 visaidie sauti ya kati inapokaribia. Kushoto besi, tena isiyobanwa sana, pamoja na ile sehemu ya kati iliyoshuka. Kanyagio libadilishwe kwa kila noti ya besi: mguu unainuka *wakati* noti mpya inapigwa, na unarudi chini mara tu baada yake. Wengi huinua kabla, ndipo panapotokea shimo.

Shikamooni wakubwa. Nikikanyaga na kupiga kasi, baadhi ya sauti zinakatika ghafla. Siku nyingine kanyagio linafanya kinyume: nikiacha mguu ndipo sauti inaendelea. Kinanda kimeharibika?
*Mwanafunzi wa sekondari, Newala*

Marahaba. Hakijaharibika. Kila kinanda cha umeme kina idadi ya noti kinazoweza kutoa kwa pamoja. Vya bei nafuu mara nyingi ni 32 au 48. Mguu ukiwa chini, kila noti uliyoipiga inaendelea kuhesabiwa. Ikifika ya 33, kinanda kinaitupa ya zamani, na mara nyingi ya zamani ni besi. Tena kama umeunganisha sauti mbili, tuseme piano na nyuzi, kila ufunguo unahesabiwa mara mbili, kwa hiyo unabaki na noti 16. Tumia sauti moja, na kwenye mbio za Toccata inua mguu kabisa. Mbio hizo hazihitaji kanyagio, zinahitaji vidole.

Kanyagio la kinyume linatokana na namna ulivyowasha. Vinanda vingi hukagua kanyagio wakati wa kuwaka. Ukiwa umelikanyaga, au ukilichomeka kikiwa kimeshawaka, kinanda kinadhani chini ndiyo juu. Zima, chomeka, toa mguu, washa. Umeme ukikatika katikati ya ibada na kurudi mguu wako ukiwa chini, itatokea tena. Na transpozi nayo itakuwa imerudi sifuri. Hifadhi mpangilio wako kwenye kumbukumbu ya kinanda kama ipo.

Kuchukua kazi ya ogani na kuifanya ya piano si kuiharibu? Bach angesemaje?
*Mzee wa kanisa, Lindi mjini*

Shikamoo mzee. Bach alifanya hivyohivyo kwa kazi za watu na zake mwenyewe. Alichukua konseto ya Vivaldi ya fidla mbili akaigeuza ya ogani (BWV 593). Korale *Wachet auf* ya ogani (BWV 645) ni sehemu ya kantata yake ya mwaka 1731, BWV 140, iliyokuwa ya waimbaji na vyombo vya nyuzi.

Tofauti ziko katika namna ya kupanga. Liszt alipanga preludi (vipande vya utangulizi) na fuga sita za Bach, BWV 543 hadi 548, zikachapishwa 1852, na aliongeza machache sana. Busoni aliandika akifikiria piano kubwa ya ukumbi, na mwaka 1894 akaambatanisha maelezo marefu ya namna ya kufanya kazi hiyo kwenye toleo lake la kitabu cha kwanza cha *Das wohltemperierte Klavier*, mkusanyiko wa Bach wa preludi na fuga. Kwa vinanda tulivyo navyo huku kusini, fuga za Liszt zinafaa zaidi. Kodi nene za Busoni kwenye spika ndogo zinakuwa kelele. Lakini korale kumi alizozipanga Busoni ni bora sana, na kadhaa kati yake zinawezekana kwa mpigaji wa kati. Wote wawili wamefariki zamani, Liszt 1886 na Busoni 1924, hakimiliki zao zimekwisha, na nota zao zinapatikana bure kwenye maktaba ya intaneti ya IMSLP. Mipangilio ya mpiga piano Mjerumani Wilhelm Kempff, aliyefariki 1991, inunuliwe.

Natafuta vipande vifupi vya Misa, vya zama za akina Bach, visivyohitaji miguu kabisa. Vipo?
*Mpiga kinanda, Nyangao*

Vipo tele, tena havihitaji kupangwa upya. Ogani za Italia zilikuwa na miguu michache, wala haikutegemewa sana. Tafuta Domenico Zipoli, *Sonate d'intavolatura per organo e cimbalo* ya 1716: sehemu ya kwanza ina vipande vya Mageuzo, vya Matoleo na vya baada ya Komunyo, kila kimoja na jina lake juu. Pastorale yake ina noti ya miguu inayoshikiliwa. Ipige tena kila inapokufa. Girolamo Frescobaldi ana *Fiori musicali* ya 1635, iliyoandikwa kwa ajili ya Misa; ni ngumu kidogo kusoma, lakini Bach mwenyewe alikuwa na nakala. Kwa Kijerumani kuna preludi na fuga ndogo nane, BWV 553 hadi 560, ambazo wataalamu wengi hawaamini kuwa ni za Bach. Hizo zina miguu, lakini myepesi, na mkono wa kushoto unaimudu.

Kumbuka Kwaresima: kanuni za Misa zinaruhusu ogani kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Zipoli akae kabatini wiki hizo.

Tuna piano ya zamani ya kusimama. Nota zinaagiza kanyagio la kati lishike besi. Nikilikanyaga piano inanong'ona. Na wakati wa mvua funguo zinaganda.
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Kanyagio la kati la piano ya kusimama, mara nyingi, linashusha kitambaa kati ya nyundo na nyuzi ili usiwasumbue majirani. Linaloshika noti ulizobonyeza tu liko kwenye piano kubwa za kulala. Kwako, besi ishikwe na kidole cha 5 cha kushoto huku sauti nyingine zikihamia kulia. Kama haiwezekani, ipige besi, shika kanyagio la kulia, na ulibadilishe nusu nusu, yaani uliinue kidogo tu na kulirudisha, ili noti za juu zizime na besi nzito ibaki.

Funguo zinaganda kwa sababu mbao na vitambaa vya ndani vimevimba kwa unyevu. Usinyunyize mafuta ya aina yoyote. Vitambaa vitayanywa na kuganda zaidi. Iondoe kwenye ukuta wa nje na kwenye dirisha linalotazama bahari, maana chumvi inakula nyuzi, na iache nafasi ya kiganja nyuma yake. Unyevu huo pia hupandisha tyuni, hasa sehemu ya kati, kwa hiyo usimwite fundi wa tyuni mvua zikiendelea; mngoje mpaka Juni, mbao zitakapokuwa zimetulia. Kabla hajafika, jaribu oktava za besi mojamoja. Zile zinazopiga mawimbi badala ya kulia kama noti moja, zifute kwenye mpangilio wako na upige noti ya juu yake tu.